Mchezaji Aliyetupwa na Mndolwa

Huko Korogwe, kwenye kijiwe cha kahawa, watu sita walikuwa na ligi yao ya karatasi. Kila mmoja aliandika majina kumi na moja ya wachezaji wa ligi kuu, akabaki nao mwaka hata mwaka, na mabao yao yakawa pointi zake. Wa mwisho aliwapikia wenzake pilau. Katikati ya msimu waliokota wachezaji wasio na mwenyewe, na aliyeburura mkia ndiye aliyeanza kuchagua.

Mwaka huo mkia ulikuwa wa Semeni, mkaanga mihogo. Bwana Mndolwa, tajiri wa mbao aliyekuwa akiongoza, alimsikia akimsifu mshambuliaji Mapunda.

"Dada, niachie nianze mimi, wewe ufuate."

"Jamani, kaka! Mapunda kafunga mechi nne mfululizo. Unataka nipike pilau tena?"

"Mchele nitanunua mimi."

"Na nyama?"

"Na nyama!"

Semeni alishusha pumzi kama mfiwa. "Haya, mchukue. Lakini karatasi yako imejaa, sharti umwache mmoja."

"Namwacha Chande. Alikuwa akifunga kuliko wote, lakini tangu avunjike mguu ni mzigo tu."

Akamkata kwa kalamu. Wino haujakauka, Semeni naye akakata jina moja kwake, akaandika: Chande.

Mndolwa aliangua kicheko. "Unaokota mgonjwa?"

"Mama yake hununua mihogo kwangu kila asubuhi," Semeni alisema. "Mwanawe kapona, Jumamosi anacheza. Nilimtaka yeye tangu mwanzo, kaka, ila wewe ulikuwa umemshikilia."