Udongo wa Kwanza wa Shangazi Nakijwa

Sogeeni, ndugu zangu. Nina jambo lililonishinda kuamua. Labda ninyi mtaliweza.

Milimani Upare aliishi Mzee Mrutu na watoto wake watatu. Navoneiwa, binti mkubwa, alikuwa na jicho: alichokiona mara moja hakukisahau. Kiangi alikuwa na mgongo wa kupandisha gunia la mahindi mlimani bila kupumzika. Elinaja, kitinda mimba, alikuwa na ulimi usiomwogopa mtu.

Shangazi yao aliitwa Nakijwa. Huyo aliwakataa wachumba watatu, akavaa kofia ya kiume, akafunga cherehani nyuma ya baiskeli na kushona nguo gulio hadi gulio. "Nikikaa mahali miezi miwili naumwa mwili mzima," alisema akicheka. Watoto wa kaka yake aliwashonea nguo zote walizovaa.

Mzee Mrutu aliona aibu. Siku moja akamwambia dada yake, "Ukitoka tena na hiyo baiskeli, usirudi."

Nakijwa akatoka. Ikapita miaka kumi na miwili.

Kisha muuza vitunguu akaleta habari: Nakijwa anaumwa sana, yuko huko chini tambarare, gulio gani hajui.

Navoneiwa akateremka. Siku sita alizunguka magulio akitazama nguo za watu, mpaka akaona gauni lenye mshono wa Shangazi, uliorudiwa mara mbili kwapani.

"Mama, nani kakushonea?"

Akaelekezwa chumba nyuma ya duka la nafaka. Shangazi alikuwa mkekani, mifupa mitupu.

"Voneiwa," alinong'ona, "nipelekeni nikaione milima yetu. Nimetembea vya kutosha."

Mvua ilikuwa imekata barabara, gari likaishia chini ya mlima. Kiangi, aliyeitwa kwa simu, akamfunga Shangazi mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga. Akapanda tangu asubuhi hadi alasiri. Kila alipotaka kutua, alisikia pumzi ile sikioni ikipungua, akaendelea huku miguu inavuja damu.

Uani wakakuta mlango umefungwa. "Nilishasema asirudi," Mzee Mrutu aliguna ndani.

Elinaja alikuwa humo ndani naye. "Baba, uliyemfukuza alikuwa mzima. Huyu anakufa. Akilala nje, nami natoka. Hutanizika, wala sitakuzika."

Kisha komeo likasogea. Alipomwona dada yake akapiga magoti. Nakijwa akampapasa kichwa. "Kaka, umeota mvi."

Aliishi siku tatu, kando ya dirisha. Ya mwisho akasema, "Aliyenirudisha nyumbani, huyo ndiye aniwekee udongo wa kwanza."

"Nani, Shangazi?" Elinaja aliuliza. Lakini Shangazi alikuwa ameshakata roho.

Kwa desturi ya ukoo ule, udongo wa kwanza ni wa kaka. Lakini jeneza liliposhushwa, Mzee Mrutu alirudi nyuma. "Mimi ndiye niliyemfukuza. Asogee aliyemrudisha."

"Ni Dada, ndiye aliyempata," alisema Kiangi.

"Kama si mgongo wako ningemzika kulekule," alijibu Navoneiwa.

"Nami bila ulimi wa huyu ningemfikisha akafie uani," Kiangi akasema, akimtazama Elinaja.

"Mimi sikutoka hata nje ya ua," alilia Elinaja.

Hakuna aliyeinama. Watu wamesimama, kaburi liko wazi.

Haya, wewe unayenisikiliza: ungekuwa mkubwa wa msiba ule, ungemwita nani?