Mgeni Aliyesema Nimeshiba

Wamesimulia wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Kufa alikuwapo mja mmoja aliyeitwa Mahfudhi bin Sarhani. Alikuwa mtu wa swala na saumu, na watu walimjua zaidi kwa kujichunga na kila chenye shaka. Tonge asilolijua asili yake hakulitia kinywani. Tabia hiyo ni njema, ila kila chema kina mpaka wake, na Ibilisi hupenda kukaa papo hapo mpakani.

Mahfudhi akafunga safari kwenda nchi ya Waajemi kutafuta elimu. Njia ilipita milimani, na huko msafiri hulala kwa wenyeji, kijiji hadi kijiji, na akiba yake ni ukarimu wao. Siku moja alasiri theluji ilimkamata njiani, akapiga hodi katika nyumba ya mchungaji aitwaye Farrukhi, aliyeishi na mkewe, watoto wake na mama yake mzee, Bibi Mahbanu. Kwa kuwa mahujaji wengi walipita kwao, Farrukhi na mama yake walikijua Kiarabu.

"Karibu, mgeni wa Mungu," Farrukhi alimwambia. Akamvua viatu vilivyolowa kwa mikono yake mwenyewe, akamkalisha karibu na moto. Baada ya muda akaletewa sinia la mkate wa shayiri na nyama ya kondoo inayofuka mvuke.

Mahfudhi alikuwa na njaa ya kutwa. Lakini njiani alikuwa amesikia kwamba kondoo wa milimani huchanganyika malishoni, na kwamba wako wachungaji wasiojali kuchinja wa jirani. Moyo ukaingia shaka. Kuuliza akaona haya, kula akaogopa. Basi akaweka mkono kifuani akasema, "Mwenyezi Mungu akuzidishie, ndugu yangu. Mimi nimeshiba."

Sinia likarudi jikoni kama lilivyokuja. Mahfudhi akala tende zake kwa siri, akamshukuru Mola wake kwa kumkinga na haramu.

Kulipokucha, theluji ilikuwa imeziba njia. Akaletewa uji wa shayiri na maziwa; maziwa nayo akayatilia shaka, akasema ameshiba. Adhuhuri ikaletwa ile nyama, imepashwa moto, akasema vile vile. Aliona Farrukhi anaswali huku magoti yanamtetemeka, na ndani akasikia watoto wanalia kisha wananyamazishwa. Akajisemea kwamba maskini, watu hawa wana maradhi, akanyanyua mikono kuwaombea afya. Dua ilikuwa njema, lakini dawa alikuwa nayo yeye mwenyewe.

Baadaye Bibi Mahbanu akaja kuchochea moto. Mahfudhi alipoona mkono wake unavyotetemeka aliingiwa na huruma, akamtolea tende. "Kula, mama yangu."

"Allah akujaalie kheri, mwanangu," bibi alijibu. "Nitakulaje na mgeni hajala?"

"Una maana gani, mama?"

Bibi akaugeukia moto, maana alikuwa ametamka lisilotamkwa mbele ya mgeni. Mahfudhi alipomsihi sana, akamwambia, "Ndiyo ada tuliyoirithi. Mgeni akiingia, nyumba nzima hairambi chumvi mpaka aonje. Watoto tumewapa maziwa kidogo, yasiwatoke machozi bure. Wala usione vibaya. Tulichoogopa zaidi ni hiki: pengine Mola hakuikubali sadaka yetu, ndipo akauzuia mkono wako."

Wahenga wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, na mwenyeji akalala na njaa.

Maneno ya bibi yalimchoma Mahfudhi. Ibilisi naye akamjia mbio: kula sasa, sema njaa ndiyo kwanza imekujia, nao watakula, na heshima yako itabaki. Lilikuwa jambo jepesi kabisa. Akisema kweli, atakuwa amemwambia mwenyeji wake usoni kwamba alimdhania mwizi, na nje ni theluji tupu. Akapigana na nafsi yake. Kisha akamwomba bibi amwite mwanawe.

"Farrukhi ndugu yangu," alisema, "sikuwa nimeshiba. Nilikuwa na njaa nikasema uongo. Nilishuku kwamba nyama ile si halali yenu. Ukinitoa nyumbani mwako, ni haki yako."

Uso ulimwiva Farrukhi. Kisha akamgeukia mama yake. "Umesikia, mama? Nawe ulimlaumu mke wangu kwamba mgeni amekimbia harufu ya mapishi yake!"

Bibi Mahbanu akacheka mpaka akafuta machozi. "Kondoo yule, mwanangu, mamake alikufa akimzaa. Nimemlea mimi hapa hapa, nikimnyonyesha maziwa kwa kitambaa. Ungeuliza tu."

Sinia likaletwa tena. Mahfudhi akasema Bismillahi, akamega mkate, akala. Hapo jikoni vikasikika vyombo, na sauti za watoto, na mama yao akiwaambia wasigombanie. Furaha aliyoipata kwa sauti zile hakuwahi kuipata, na machozi yakamdondokea siniani.

Njia ilipofunguka, alisimama mlangoni awashukuru, lakini Farrukhi akamtangulia. "Sisi ndio wa kushukuru. Ungeondoka na siri yako, tungeishi tukidhani kwamba Mungu ametukataa. Umetutoa katika dhana mbaya juu ya Mola wetu."

Watu walioshinda na njaa kwa ajili yake ndio waliokuwa wakimshukuru yeye. Mahfudhi akawaombea dua, akashika njia.

Wapenzi wangu, mja huyu alikichunga sana kiingiacho kinywani, akakisahau kitokacho. Tusimcheke, aibu zetu sisi Mola amezisitiri. Tumshukuru aliyetupa ndugu katika kila nchi, na tukikaribishwa tuwadhanie kheri. Mwenye shaka na aulize kwa adabu, kisha ataje jina la Mola wake ale, kwani huenda nyuma ya mlango ipo nyumba nzima inayongoja tonge lake la kwanza.