Fungu la Mbaruku

Alikuwapo Sultani Hamdani, mwenye enzi katika mji wa Shamsiya, na hazina yake ilishikwa na jini Katarashi, aliyefungwa mlangoni kwa kiapo mpaka mtu ajibu swali lake, na kila aliyekosea mlango ulimmeza. Wanazuoni saba walikuwa ndani, na pamoja nao Mbaruku, fundi wa kufuli.

Kwa miezi sita mkewe, Ruzuna, alipogawa mkate kwa mavyaa wake na wanawe, alitoa kwanza fungu la Mbaruku akalifunika, ndipo akagawa uliobaki. Hatimaye akambeba kitindamimba wake mgongoni, akaenda.

“Rudi, bibie,” akasema jini. “Nimechoka kuona watu wakimezwa.”

“Nami nimechoka kukesha peke yangu na huyu anayeota meno. Uliza.”

Jini akapiga miayo. “Mifuko mitatu ina dinari mia na tano. Wa pili una mara mbili ya wa kwanza. Wa tatu unauzidi wa pili kwa dinari tano. Wa kwanza una ngapi? Na dinari hazikatwi.”

“Wanazuoni walijibuje?”

“Waligawa zote mafungu matano, wakasema ishirini na moja. Nilipojaza mifuko, zikatakiwa mia na kumi.”

Ruzuna akaguna. “Hao huletewa sahani, hawajapata kugawa mkate. Ile tano ya ziada ina mwenyewe, itolewe kwanza. Zimebaki mia. Mfuko wa kwanza fungu moja, wa pili mawili, wa tatu mawili. Kila fungu ishirini. Wa kwanza una ishirini.”

“Ishirini, arubaini, arubaini na tano,” jini akahesabu polepole. “Mia na tano! Alhamdulillahi.”

Kiapo kikakatika na mlango ukafunguka, na jini, badala ya kupaa, akajilaza kizingitini akakoroma. Wanazuoni wakamruka, macho chini.

Sultani akaja, na alipokwisha kusikia habari ya mkate na ya mifuko, akasema, “Ewe binti, mifuko yote mitatu ni yako, na harusi yenu nitaifanya upya siku saba. Na tangu leo, kila agawaye katika mji wangu amkumbuke kwanza asiyekuwepo, hesabu yake itatimia.”

“Ahsante, bwana wangu. Ila harusi ingoje, tukalale kwanza.”

Mbaruku akatoka, amekonda, akampokea mtoto.

“Fungu langu lipo, mke wangu?”

“Lipo. Limekauka kidogo.”