Kiganja Juu ya Boneti

Wahenga walisema hasidi hana sababu, lakini hawakusema kwamba hana visingizio. Visingizio anavyo tele, na kila siku hujizulia kipya. Methali hii ina maana kwamba mwenye husuda humchukia hata mtu asiyemkosea lolote, na ukimwuliza amefanyiwa nini, hana la kujibu. Hayo ndiyo yaliyomkuta Hamidu, fundi wa magari wa Bagamoyo, ambaye hakuwa mtu mbaya hata kidogo mpaka siku ilipoletwa ile Pijo.

Hamidu na Alawi walifanya kazi katika gereji moja nyuma ya stendi. Wote wawili walifunzwa na marehemu Mzee Bwanausi. Alawi alibobea katika kunyoosha bodi, na Hamidu katika kupiga rangi. Miaka minne nyuma, mashine ya kukatia bati ilipomla Hamidu nusu ya kidole cha pete, mkono wa kulia, Alawi ndiye aliyemkimbiza hospitali, na ndiye aliyemlisha tonge kwa tonge mpaka kidonda kikafunga. Watu waliwaita chanda na pete.

Ulipoandama mwezi wa Shaabani, Bi Zaina akaleta gari la marehemu mumewe, Pijo 404 ambayo enzi zake ilibeba maharusi wa nusu ya mji. Ilivutwa na lori kutoka shambani Vigwaza, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Alitaka ifufuliwe, impeleke mjukuu wake Wahida kwa mumewe katika Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani.

"Alawi, funguo nakukabidhi wewe," alisema Bi Zaina. "Na atakayeshika usukani siku hiyo nitamvisha kanzu mwenyewe, kanzu ya darizi kama aliyokuwa akivaa marehemu."

Hamidu alikuwa amesimama pale pale, bomba la rangi mkononi. Hakuna aliyemtazama. Moyo ukamchoma kama uliomwagiwa ndimu. Kwa nini Alawi? Nani asiyejua kwamba gari huonekana kwa rangi? Tangu siku hiyo alianza kuchukia hata visivyochukika: kicheko cha Alawi, namna alivyotafuna andazi, hata Bismillahi aliyoitamka kabla ya kushika nyundo.

"Kazi za wakubwa zina wenyewe," alimchokoza siku moja. "Sisi wengine ni wa kumulika taa."

Alawi alicheka. "Subira, ndugu yangu. Kila jambo na siku yake."

Alawi alikuwa na lake jema moyoni. Hamidu alisikia kebehi tupu.

Alhamisi moja, Alawi alimaliza kuipiga msasa boneti, chuma kikabaki kitupu, cheupe kikimeta. Pwani hii chuma kitupu hakilazwi. Kikilala bila praima, ile rangi ya kwanza ya kukikinga, hewa ya bahari hukiamsha na kutu. Mzee Bwanausi alikuwa akiwachapa viganja wakithubutu kukigusa bila glavu. "Chuma kitupu ni mtoto asiyetimiza siku arobaini," alikuwa akiwaambia. "Hashikwi na kila mkono." Mkono una jasho, jasho lina chumvi, na thina inayofuta mafuta haiwezi kuitoa chumvi. Hamidu aliyajua hayo kama alivyoijua Alhamdu.

Adhana ya Alasiri ilisikika. "Nilindie, Hamidu," alisema Alawi akivua glavu. "Nikirudi napiga praima."

"Nenda tu. Si nipo?"

Hamidu alibaki akila embe bichi kwa chumvi na pilipili, akaitazama ile boneti. Kila alipoitazama alimwona Alawi ndani ya kanzu ya darizi, mkono mmoja kwenye usukani, wanawake wakipiga vigelegele barabara nzima. Yeye je? Yeye angekuwa kando, akipeperushiwa vumbi.

Akainuka. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimelowa jasho na maji ya embe. Akakikandamiza kwenye chumvi iliyobaki karatasini, kisha akakilaza juu ya chuma, taratibu, kama mtu ampapasaye mtoto kichwani. Akaziondoa chembe kwa kitambaa. Hakuona haya. Aliona raha.

Alawi alirudi, akapangusa kwa thina, akapiga praima. "Mashaallah, imekaa," alisema.

"Mashaallah," alijibu Hamidu, mdomo tu.

Ramadhani iliingia na mvua zake. Boneti ilikaa chini ya shuka, Alawi akihangaika na milango na sakafu ya gari. Siku ya nne baada ya Idi, Bi Zaina alifika na kapu lake.

"Shikamoo, Bi Zaina," walimwamkia wote.

"Marahaba, wanangu." Akamgeukia Hamidu. "Wewe ndiye niliyekufuata. Nilitaka kukwambia siku ile ile ya mwanzo, huyu mwenzio akanizuia. Alisema gari linyooke kwanza, ndipo ujue. Rangi ni yako, na usukani ni wako. Alinambia, tangu Hamidu akatike kidole watu wanamdharau, hebu mji wote umwone." Akatoa kapuni kanzu nyeupe ya darizi. "Pokea, baba."

Hamidu alinyoosha mkono wa kulia. Wakati huo huo Alawi, kwa furaha, aliivuta shuka. "Njoo uione boneti yako!"

Praima ilikuwa imevimba na kupasuka. Katikati ya boneti palikuwa na kiganja cha kutu, chekundu: dole gumba, vidole vitatu vizima, na cha pete kimeishia nusu. Bi Zaina alikitazama kile kiganja, kisha akautazama mkono ulionyooshwa mbele yake. Akaikunja kanzu, akairudisha kapuni.

"Hamidu," alisema Alawi, "nilikukosea nini?"

Hamidu alivitafuta visingizio vyake vyote vya miezi miwili: kicheko, andazi, funguo, Bismillahi. Hakupata hata kimoja cha kutamka mbele ya watu.

"Hukunikosea kitu," alisema.

Boneti iliparuliwa upya, na fundi wa Chalinze akaja kupiga rangi. Siku ya harusi Hamidu alisimama kando ya barabara, mkono mfukoni. Pijo ikapita iking'aa, Alawi kwenye usukani ndani ya kanzu ya darizi, bila kicheko. Vumbi lilipotua, Hamidu alikuwa bado pale, akilitafuta jibu la swali aliloulizwa gerejini. Analitafuta hadi leo, na hatalipata, kwani hasidi hana sababu.