Kunde za Tumboni mwa Ngiri

Ngano, ngano.
*Ngano na ije.*
Ije mikono mitupu?
*Ije na kisa.*
Kisa chenyewe kichungu.
*Tutakimeza hivyo hivyo.*

Basi palikuwa na shule ya wanyama pembeni mwa msitu, na mwaka huo ulikuwa wa njaa. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo ikakata. Darasa la kwanza lilifundishwa na Mwalimu Kanga, na wiki hiyo somo lilikuwa mbegu.

"Mbegu inataka nini?" akauliza Mwalimu Kanga.

"Inataka maji, inataka hewa, inataka joto," wakaitikia watoto.

"Inashusha nini?"

"Inashusha mzizi."

"Inapandisha nini?"

"Inapandisha mche."

Mwalimu akawaagiza kila mmoja alete kunde moja kutoka nyumbani. Kunde moja ni kitu kidogo, lakini si mwaka wa njaa. Kima alileta yake. Kanu alileta yake. Kindi alileta yake, akiwa ameificha shavuni njia nzima. Digidigi alikuja wa mwisho. Mama yake alikuwa amechagua na kuchagua ndani ya kibuyu, akampa iliyo nene kuliko zote.

"Hii usiichezee," mama alimwambia. "Ingekuwa chakula."

Wakajaza udongo kwenye vifuu vya nazi, wakafukia kunde zao, wakamwagilia, wakavipanga nyuma ya darasa penye jua.

Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Ngiri. Alikuwa na pembe mbili nyeupe mdomoni na tumbo lililoburuta chini. Watoto walipokwenda kucheza, Ngiri alikuja, kwata kwata kwata. Akaingiza pua kwenye kifuu, fukufuku. Akatafuna, kru. Akasukuma udongo ukarudi mahali pake, akaenda zake. Kesho yake akaja tena, kwata kwata kwata. Fukufuku. Kru.

Siku ya kuangalia miche ikafika. Mwalimu Kanga akachungulia kifuu cha Kima, hakuna kitu. Cha Kanu, hakuna kitu. Akachokora cha Digidigi kwa mdomo wake mpaka chini kabisa.

"Mbegu isiyoota huoza, na ikioza nitaiona," akasema. "Hapa hapana hata ganda. Digidigi, kunde yako iko wapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Umeila?"

"Sijaila."

"Una njaa?"

Digidigi alikuwa mtoto mkweli. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu, nina njaa."

Basi hilo likatosha. Kima na Kanu walifokewa wakasamehewa, lakini Digidigi, aliyekubali kwamba ana njaa, alirudishwa nyumbani na kuambiwa asirudi bila mama yake. Akaondoka na miguu yake myembamba, bila kulia.

Kindi, aliyekuwa akikaa naye dawati moja, hakwenda kucheza siku ile. Alipanda juu ya mti nyuma ya darasa akajikunyata. Kifuu chake peke yake kilikuwa bado hakijaguswa. Mara akasikia kwata kwata kwata. Akaona pua. Akasikia kru, na kunde yake ikawa imekwenda.

Akamkimbilia Mwalimu. "Mwalimu, anayekula kunde ni Mwenyekiti."

Mwalimu Kanga akatazama huku na huku. "Mwenyekiti ni mtu mzima," akasema kwa sauti ya chini. "Shika adabu yako."

Kindi akashika adabu yake mpaka kesho yake. Siku hiyo wazazi walikuwa wamekuja kutengeneza ua wa shule. Kindi akaenda kuketi kando ya vifuu, akatega sikio. Ngiri akaja.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Mbona huchezi na wenzako?"

"Nasikiliza tumbo lako, Mzee."

"Tumbo langu lina nini?"

"Linaunguruma kama udongo unaotaka kupasuka. Mzee, asubuhi umekunywa maji?"

"Nimekunywa."

"Unavuta hewa?"

"Naivuta."

"Tumbo lina joto?"

Ngiri akajishika tumbo. "Lina joto."

"Basi maji yapo, hewa ipo, joto lipo. Kwa bahati nzuri Mzee hukula kunde mbichi."

Ngiri akainamia tumbo lake. Tumbo likasema guru guru guru.

"Mimi sikula," akasema. "Lakini tuseme yuko mtu amekula."

"Mtu huyo namhurumia. Kwanza mzizi utashuka kutafuta udongo, utatokea nyuma. Halafu mche utapanda kutafuta mwanga, utatokea puani."

Guru guru guru.

"Na mtu huyo dawa yake ni nini?"

"Kunde ikitajwa jina la mwenyewe hadharani huona haya, ikafa. Asimame mbele ya watu, azitaje zote. Akiacha moja, hiyo ndiyo itakayoota."

Ngiri hakungoja. Alikimbia hadi uani, walipokuwa wazazi, watoto na Mwalimu, akapaza sauti.

"Nilikula ya Kima. Nilikula ya Kanu. Nilikula ya Kindi. Nilikula ya Digidigi."

Watoto wakacheka. Wazazi hawakucheka. Baba Kima akaushika vizuri mti aliokuwa akiuchimbia. Ngiri alipoona macho yao akaelewa alichosema, akatimua mbio kuelekea bondeni, na uenyekiti wake ukaishia hapo.

Mwalimu Kanga akamwita Kindi pembeni. "Nenda kwa akina Digidigi. Mwambie mimi…" Akajichokora manyoya. "Mwambie arudi tu."

Kindi akaruka mti kwa mti, chaka, chaka, akamkuta Mama Digidigi akichuma majani makavu. Akamweleza yote. Mama akaacha kuchuma.

"Alitaja jina la mwanangu?"

"Alilitaja, mama. Watu wote wamesikia."

"Mimi nilimpiga," mama akasema. "Akasema hakula, nikampiga tena kwa kusema uongo. Jioni ile ile nikampeleka kwa shangazi yake akalee watoto. Nilimwambia mwaka wa njaa silishi mwizi."

Wakaenda pamoja mpaka kwa shangazi. Digidigi alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Mama akamweleza, Kindi akamweleza. Digidigi akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilikwisha kukwambia, mama," akasema.

"Turudi nyumbani, mwanangu. Mwalimu anakungoja."

"Nitabaki. Hapa hakuna anayeniuliza kitu."

Akageuka akaingia ndani, maana mtoto wa mgongoni alikuwa ameanza kulia. Mama na Kindi wakarudi peke yao.

Na funzo la ngano hii, watoto wazuri, ni hili: mkiulizwa na wakubwa, semeni kweli. Mtaaminiwa papo hapo.

Ngano yangu naitua.
*Itue.*
Nani ataibeba?
*Mwenye mgongo.*