Kwa Nini Watu Wako Bize

Palikuwa na wakati ambapo huku milimani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa bize. Kazi zilikuwepo, tena za kuvunja mgongo. Lakini ukipiga hodi, mwenye nyumba alikujibu kwa kuitaja kazi yake: "Karibu, napukuchua mahindi." Nawe hukuondoka. Uliketi, mkapukuchua wote mpaka tenga likajaa, kisha mkainuka pamoja kwenda kwenye shida yako.

Neno lile alilileta Semboja, aliyekuwa tarishi kwenye ofisi ya Mzungu mmoja huko bandarini. Alimsikia bwana wake akilitupa mlangoni, na watu wenye shida wakirudi nyuma kwa heshima. Msidhani bwana yule alikuwa na kazi kubwa. Mara nyingi alikuwa anakunywa chai, na Semboja ndiye aliyeipika! Alijua. Bado akalipenda.

Aliporudi kijijini, shemeji yake alimwita wakaezeke paa.

"Niko bize," akajibu kutoka ndani.

"Bize ndiyo kazi gani?"

"Ya watu wa ofisini, shemeji. Wewe huiwezi."

Watu walicheka. Lakini kufikia mavuno kijiji kizima kilikuwa bize, hata Mzee Shekolowa ambaye shughuli yake ilikuwa kuota jua.

Ndipo Tunu, binti wa Bi Zahabu, aliposhikwa na uchungu, na mtoto akakataa kutoka. Walitakiwa wanaume wa kumteremsha kwa machela hadi zahanati ya bondeni. Mama yake akapita mlango kwa mlango. "Niko bize, mama." "Leo niko bize kidogo, dada." Angeambiwa wanapukuchua, angepukuchua. Angeambiwa wanalima, angeshika jembe. Lakini bize haina mpini, angeishika wapi?

Wabebaji walipopatikana, Semboja akiwa wa mbele, walichofikisha bondeni ni maiti.

Baada ya mazishi Semboja alizunguka kijiji kizima akiwasihi watu waliache neno lake. Alipiga hodi kila nyumba, macho yamemvimba kwa kulia.

"Njoo kesho, Semboja," walimwambia kutoka ndani. "Leo tuko bize."

Na tangu siku hiyo mpiga hodi hujibiwa kwa neno lisilotaja kazi yoyote, naye hugeuka na shida yake vilevile, akidhani ameelezwa jambo. Na sisi tunauita huo ustaarabu.