Ufito na Kiuno Alichokitamani Fisi

Jamani, mpo?

Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Na aliyeyasahau nyumbani?

Akayafuate!

Basi sogeeni karibu, nisije nikapiga kelele bure.

Hapo kale, katika nchi ya wanyama, palikuwa na mbuga pana, tambarare, nyasi zake fupi kama zimenyolewa. Kila mwaka mbwa wote wa nchi ile walikusanyika hapo kwa maonyesho makubwa. Walikaguliwa meno, wakapapaswa migongo, wakatembezwa mbele ya mwamuzi. Aliyeshinda alivishwa utepe mwekundu, na mbuga yote ikawa chini yake mpaka maonyesho mengine. Akitaka, wote watacheza. Asipotaka, hakanyagi mtu.

Na bingwa wa miaka yote hiyo alikuwa nani? Fisi!

Sasa, Fisi si mbwa. Hilo hata kuku analijua. Lakini siku alipokuja kujiandikisha, bawabu Kicheche alimwuliza, "Samahani bwana, wewe ni mbwa?" Fisi akafungua kinywa, akamwonyesha meno yote. Kicheche akasema, "Mbwa kabisa! Karibu, pita ndani." Mwamuzi alikuwa Mbuzi, naye alimvisha utepe kabla hata hajasimama mstarini.

Fisi alipoipata mbuga, akaifunga. Hakuna kucheza, hakuna kukimbia, na atakayeonekana nyasini ataliwa.

Waliotaabika kuliko wote ni ukoo wa wipeti, wale mbwa wembamba wa mbio, wenye miguu mirefu, macho makubwa, kifua kilichoshuka na kiuno utadhani kimekazwa kwa kamba. Hawa si wabwekaji, wala si wapiganaji. Wanachokijua ni kukimbia. Fisi akawasukumia kwenye majabali, mahali ambapo ukikimbia unavunjika mguu. Huko ndiko alikozaliwa Ufito, binti wa Bi Ukambaa. Tangu azaliwe, Ufito hakuwahi kukimbia mpaka akachoka. Usingizini miguu yake ilikimbia peke yake, chapu chapu chapu, na mama yake akimtazama, roho ilimuuma.

Mwaka ule Mbuzi akajiuzulu, akasema ana mafua. Akaletwa mwamuzi kutoka ng'ambo ya ziwa, Bi Korongo. Huyu alikuwa na mabawa yake, kwa hiyo meno ya Fisi hayakumshughulisha.

Ufito akasema, "Mama, mimi naenda."

"Fisi atakutafuna, mwanangu."

"Hata hapa ananitafuna, mama. Ila hapa ananitafuna polepole, na hakuna anayeona."

Bi Ukambaa akaanza kumlamba mgongo, masikio, mpaka ncha ya mkia, hadi manyoya yakang'aa. Akamwambia, "Ukifika kule usiiname. Sisi hatukuumbwa kwa makosa."

Siku ikafika. Mbwa walijaa uwanjani. Walikuwapo wa kuchunga kondoo, wa kuwinda, hata vibwa vidogo vya kupakatwa. Kila mmoja alikuja na pande la nyama, maana bingwa alitoza heshima, na heshima yenyewe ilipelekwa bandani kwake. Nyama ilirundikwa ikawa kilima.

Bi Korongo akapanda juu ya kichuguu, akasafisha koo. "Mwaka huu sitazami meno. Natazama kifua kilichoshuka, kiuno kilichoingia ndani, na mwendo mwepesi. Jua likifika utosini, tunaanza."

Macho yote yakamgeukia Ufito. Masikio yakamwaka moto. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutazamwa na watu wengi bila mtu kumcheka, na ilikuwa tamu.

Fisi naye alitazama. Akajitazama tumbo, akamtazama tena Ufito. Ufito alipozunguka nyuma ya banda kutafuta kivuli, Fisi akamfuata, nyatu, nyatu, nyatu, akamkanyaga mkia.

"Kiuno hicho umekipata wapi?"

"Bwana mkubwa, mimi..."

"Nataka siri yake. Usiponipa, miguu hii naivunja kama mabua!"

Ufito akaingiwa na hofu. Siri ingetoka wapi? Kiuno alizaliwa nacho. Akisema kweli, miguu imekwenda. Akaanza kutetemeka, kama watetemekavyo wa ukoo wake.

"Unatetemeka nini?" akanguruma Fisi.

Hapo akili ikamjia.

"Shibe, bwana mkubwa."

"Shibe? Wewe mifupa mitupu?"

"Ndiyo shibe yenyewe hii. Mtu akila, tumbo hutoka nje. Akizidisha, hutoka zaidi. Wengi huogopa wakaishia hapo. Lakini akiendelea kula, bwana mkubwa, tumbo huchoka kwenda nje. Hugeuka! Hurudi ndani, likaganda mgongoni. Sisi kwetu tumekula mpaka tumefika huko. Gusa uone."

Fisi akagusa. Kweli, tumbo limeganda mgongoni. Wivu ukamshika.

"Kumbe miaka yote hii mimi naishia njiani!"

Akaingia bandani, akakirukia kilima cha nyama. Ngwafu! Ngwafu! Ngwafu! Tumbo likawa kama chungu.

"Limerudi?"

"Bado kidogo, bwana mkubwa. Kula."

Ngwafu! Ngwafu! Ngwafu! Tumbo likawa kama mtungi.

"Limerudi?"

"Bado kidogo, bwana mkubwa. Kula."

Ngwafu! Ngwafu... ngwa... fu. Tumbo likawa kama pipa. Macho yakamtoka Fisi.

"Limerudi?"

Ufito akaliinamia, akalisikiliza. "Limeanza kusitasita. Usilikatishe tamaa sasa."

Fisi akameza pande la mwisho, akalamba na sakafu. Ngoma ikalia, ti! ti! ti! Jua lilikuwa utosini.

Bingwa ndiye aliyetangulia. Bwata, bwata, bwata, akaingia uwanjani, tumbo likifagia nyasi. Bi Korongo akalidonoa kwa mdomo wake mrefu.

"Hiki ni nini?"

"Kiuno, mheshimiwa."

"Mbona sikioni?"

"Kinakuja. Vuta subira, sasa hivi kinageuka."

Kibwa kimoja cha kupakatwa kikacheka, hi! Wa pili akacheka. Mara uwanja mzima ukaangua kicheko. Fisi akaghadhibika, akataka kuwarukia, lakini miguu haikufika chini sawasawa. Akabiringika, puu! Akalala chali, anapiga hewa teke.

"Anayefuata!" akasema Bi Korongo.

Akaingia Ufito. Sasa hakutetemeka. Alisimama miguu imenyooka, shingo juu, kifua kimeshuka kama jahazi lililopakia, mgongo umepinda kidogo kama upinde ulio tayari. Bi Korongo akampapasa mbavu kwa ubawa, akamwangalia kiuno, akamzunguka kimya kimya.

"Tembea."

Akatembea. Hata nyasi hazikusikia.

"Kimbia."

Ufito akaitazama ile mbuga, ndefu mpaka ilikogusana na mbingu. Kisha, vuuu! Aliondoka. Alijikunja, akajikunjua, na kati ya kujikunja na kujikunjua miguu yake yote ilikuwa hewani. Vuuu, akaenda! Vuuu, akarudi! Aliposimama alikuwa anahema, na alijua sasa kuchoka kukoje. Mbwa wakubwa kwa wadogo wakasimama. Hakuna aliyebweka. Walikuwa wamesahau kubweka.

Bi Korongo akamvisha utepe.

"Mbuga ni yangu!" akafoka Fisi kutoka pale chini. "Nitaichukua kwa meno!"

Ufito akamsogelea mpaka pua kwa pua. "Nifukuze basi, bwana mkubwa. Ukinikamata, ichukue."

Fisi akajizoazoa, akainuka, akajikongoja, akaanguka tena. Baadaye, tumbo lilipotulia, alijaribu kweli. Alimfukuza Ufito mchana kutwa, akaambulia vumbi lake. Mbwa walikaa kando wakimtazama anavyohema, na hofu ikawatoka moja kwa moja. Fisi akahama nchi ile, na kwenye maonyesho hajarudi mpaka leo.

Lakini turudi siku ile. Ufito, utepe shingoni, akatangaza, "Mbuga iko wazi. Kwa wote."

Mbwa wakamiminika. Aliyebaki pembeni ni Bi Ukambaa, amesimama pale majabali yanapoishia.

"Njoo, mama."

"Magoti yangu yamezeeka. Nitaanguka."

"Ukianguka utaangukia nyasi."

Bi Ukambaa akaweka mguu mmoja. Akaweka wa pili. Akanusa upepo. Kisha yule bibi akaondoka kama msichana, vuuu, masikio yamelala nyuma! Ufito akamfuata, na mama ndiye aliyetangulia kufika. Watu wanasema Ufito alipunguza mwendo makusudi. Mwenyewe anakataa katakata.

Ngano yangu imekimbia mpaka ikachoka, nami naifungua kamba ilale.

Funzo je?

Aa, na funzo mnalitaka? Haya, shikeni. Msiwadanganye wakubwa wenu, wanangu. Ni vibaya mno. Ufito alimdanganya mkubwa, na mmeyaona yaliyompata: utepe, mbuga nzima, na mama anayecheka. Sasa nani hapa anataka kupatwa na mambo kama hayo?

Mimi!

Mimi!

Mimi!